Karani aliyewarudisha wanawake 187 kwao

“Gari linakwenda mtaa wa stendi. Nimeshasema, na sirudii.”

“Likafanye nini huko, Mkuu? Likampime Shangazi peke yake?”

“Usinipandishie sauti.”

“Sijapandisha. Ndiyo niliyo nayo.”

Saa mbili na nusu asubuhi, na maneno yameshafika koridoni. Kwenye kichumba cha takwimu cha hospitali hii wamesimama watu wawili, meza katikati yao. Huku ni Mkuu wa kitengo, mama mwenye miwani inayoning’inia kifuani kwa kamba. Kule ni karani wake, mwanamume wa miaka arobaini na saba, kakumbatia rundo la karatasi kwa mikono miwili kama vile kuna mtu anataka kumnyang’anya.

Jina analo, ila hapa hakuna anayelitumia. Wote wanamwita Chapuchapu.

Nje, gari la kupima saratani ya shingo ya kizazi linanguruma uwanjani. Jipya kabisa, viti bado vina nailoni. Manesi wawili wameshapanda. Dereva anapiga honi kila baada ya dakika mbili tatu, maana ameambiwa anaondoka saa tatu na hajaambiwa anaelekea wapi.

Ugomvi wote ni huo. Gari likitoka getini likate kulia liingie mjini, au likate kushoto lipande wilaya ya juu. Likishafika linakaa miezi sita hapohapo. Na liko moja tu.

Jibu linatakiwa litoke kwenye ramani iliyobandikwa ukutani. Mjini kote ni kwekundu. Wilaya ya juu, ile ya milimani, ni nyeupe kama shuka. Kwa miaka tisa ramani hiyo imekuwa ikisema wanawake wa mjini ndio wanaougua sana, na wa juu wanaugua kidogo mno. Watu wenye shahada zao wamesimama mbele yake wakaeleza sababu: kule juu hewa safi, wanawake wanatembea, wanakula mboga. Ikasemwa mikutanoni, watu wakapiga makofi.

“Rangi kapaka mtu mwingine, lakini kila doa pale limepitia kwenye kalamu yangu,” anasema Chapuchapu. “Na nimekosea. Nimekosea miaka tisa, kila siku ya kazi, kwa mwandiko mzuri kabisa.”

Aliingia hospitali hii miaka ishirini na miwili iliyopita, ana kidato cha nne tu, akawa mbeba mafaili. Baadaye wakampa kazi ya kujaza rejista ya saratani. Kazi yenyewe ni hivi: faili la mgonjwa likimfikia, anajaza fomu. Umri, saratani gani, imefika wapi, mgonjwa anatoka wapi. Anafunga, anachukua jingine.

Wenzake walikuwa wanajaza mafaili kumi na tano kwa siku. Yeye arobaini. Ndiyo hilo jina likaja. Mshahara wake, anasema, unamfikisha tarehe kumi na nane, na kuanzia hapo familia inaishi kwa matumaini na sabuni ya kukata vipande. Lakini kazi aliipenda, na mwaka juzi walimpa cheti cha karani bora.

Sasa, siri ya hiyo kasi yake ndiyo hii. Kwenye fomu, pale penye “anatoka wapi”, hakuwa anamuuliza mtu. Alikuwa ananakili kutoka kwenye kadi ya kliniki.

Na kadi ya kliniki ina mambo yake. Mwanamke anayetibiwa saratani anatakiwa arudi mara kwa mara, wiki hata wiki. Akikosa siku yake, nesi amtafute. Kwa hiyo kliniki inataka aandikishe mahali pa karibu. Anayetoka mbali hasemi kwao, anasema pale alipofikia, kwa dada, kwa wifi, kwa mtu wa kijijini kwao aliyepanga chumba mjini. Kliniki haijakosea, inamtafuta mgonjwa na inampata. Chapuchapu naye anachukua hiyohiyo anabandika kwenye rejista, na mwanamke wa milimani anakuwa wa mjini kwa mpigo mmoja wa kalamu.

Aliyemfungua macho hana shahada. Ni mfagiaji wa jengo hili, mama wa miaka hamsini na kitu, ambaye hospitali nzima, madaktari kwa wagonjwa, inamwita Shangazi.

Chapuchapu anamshukuru mpaka mama mwenyewe anachoka. “Bila yule mama,” anasema, “ningestaafu na kosa langu, wanipe na saa ya ukutani.”

Ilikuwa mchana wa chakula, miezi miwili iliyopita. Shangazi akaingia na ndoo yake, amenuna. Akauliza ni watu gani wa hospitali waliokwenda kwenye nyumba anayopanga, nyuma ya stendi, wakachota maji ya bomba kwenye vichupa, wakakwangua na rangi ya ukuta. Mwenye nyumba kakasirika, anasema mpangaji huyu kamletea nuksi, atafute pengine.

Chapuchapu alijua kwa nini wamekwenda, maana taarifa ilitoka kwenye meza yake. Nyumba ile moja ilikuwa na wanawake saba wenye saratani kwa miaka tisa. Saba, nyumba ya vyumba vinne. Wakubwa wakashtuka, wakasema lazima kuna kitu kwenye maji.

Akamsomea majina. Shangazi akasikiliza mpaka la tatu, akaanza kucheka. La tano akawa ameshakaa juu ya ndoo.

“Hao ni wageni wangu,” akamwambia. “Huyo wa kwanza ni mdogo wangu. Huyo wifi yangu. Huyo mke wa binamu yangu, alilala kitandani kwangu miezi mitatu mimi nikalala chini. Wote nimewapokea stendi na mabegi yao. Mwambie mwenye nyumba bomba lake halina kosa.”

Wote saba walikuwa wa wilaya ya juu. Wanne wamerudi kwao wazima. Watatu hawakurudi.

Kicheko kikaisha. Shangazi akachukua ufagio akaendelea na kazi. Chapuchapu akabaki anaitazama ile sehemu nyeupe ukutani, na anasema alihisi kama mtu aliyefunga mlango akasahau kwamba ndani kuna watu.

Mchana uleule akaanza kushusha mafaili. Kwenye rejista kulikuwa na wanawake 640 wenye saratani ya shingo ya kizazi walioandikwa wa mjini. Akaamua kuwapigia wote. Hakuomba ruhusa, aliogopa kunyimwa. Alitumia saa ya chakula, kwa vocha yake mwenyewe, wiki nane. Mkewe alipoona salio linaisha kila siku alimuuliza huyo mwanamke anayempigia mchana ana majina mangapi. Akamwonyesha orodha. Mkewe akaisoma yote, na kesho yake akamwongezea vocha kutoka kwenye hela yake ya vitumbua. Hilo nalo Chapuchapu analitaja akishukuru.

Simu nyingine hazikupatikana. Nyingine zilipokewa na watoto, na waume. Mzee mmoja alimwambia mkewe amefariki mwaka wa nne sasa, halafu akasema asante kwa kulitaja jina lake lote, maana siku hizi watu wanamtaja tu kama marehemu.

Mwingine alipokea mwenyewe, yuko shambani, anahema. Akauliza kama kuna dawa hakumaliza. Alipoambiwa ni swali moja tu, kabla ya kuugua alikuwa anaishi wapi, akacheka akasema yuko hapohapo alipozaliwa, mjini alikuja kutibiwa akarudi. Ndipo Chapuchapu akamuuliza mbona alichelewa kuja. Jibu lake kaliandika pembeni ya karatasi, na leo kalibeba.

Hesabu yake ni hii. Kati ya 640 kawapata 402, wenyewe au ndugu zao. Kati ya hao 402, wanawake 187 ni wa wilaya ya juu. Rejista ilikuwa inawapa wa juu 23 tu kwa miaka tisa. Wakirudishwa kwao wanakuwa 210. Waliobaki kati ya hao 402 ni 215, na wilaya ya juu haina hata nusu ya watu wa mjini.

Turudi kwenye ugomvi.

Mkuu si mtu mbaya, na hoja anayo. Anaishusha sauti, anavaa miwani, anaeleza. Gari limetolewa na makao makuu kwa sababu ya ramani hii. Wakiambiwa leo kwamba ramani haifai, hawatasema lipelekwe juu. Watasema kitengo hiki hakijui kinachofanya, watalichukua walipe mkoa mwingine. Hapo wa juu wamekosa, na wa mjini wamekosa. Mjini nako wagonjwa wapo, hata ukiwatoa hao wote bado wapo. Si afadhali liende mjini sasa, halafu taratibu, mwakani, warekebishe?

“Halafu nani atasaini hilo kosa?” anauliza. “Jina langu liko chini ya ramani zote hizo. Lako haliko.”

“Niandike mimi, Mkuu. Sema ni karani.”

“Nikisema ni karani wataniuliza aliyekuwa anamsimamia ni nani.”

Honi inalia tena. Hakuna anayegeuka.

Chapuchapu anaweka karatasi mezani, moja baada ya nyingine, na jiwe juu kwa sababu ya feni. Anamwambia kwanza anamshukuru, na si kwa kejeli. Ni yeye Mkuu aliyemtoa kwenye kubeba mafaili akampa kiti. Ni yeye aliyempa ruhusa mama yake alipolazwa. Asingependa kumharibia. Halafu anatoa ile karatasi yenye maneno ya mwanamke wa shambani, anamsogezea.

Mkuu anaisoma kimyakimya, kisha kwa sauti, taratibu, kama anasomewa yeye.

“Tuliambiwa huo ni ugonjwa wa mjini. Nilitokwa na damu mwaka mzima. Niliogopa kwenda kupima, watu waulize mjini nilifuata nini.”

Anavua miwani. “Waliambiwa na nani?”

“Na sisi,” anasema Chapuchapu. “Zahanati ya kule walibandika ramani yetu mlangoni, wakafurahi.”

Mlangoni hapa yuko Shangazi, na ufagio. Alikuwa anapiga deki koridoni na masikio anayo. Mkuu anamwona, anamuuliza, kwa upole sasa, hao wageni wake saba walipokuja walikuwa katika hali gani.

Shangazi anafikiria. Anasema wale wanne waliopona waliletwa mapema, kwa sababu mdogo wake alipougua yeye aliwapigia kelele wanawake wa kwao simuni mpaka wakamchoka. Wale watatu walikuja wameshakonda. Hakuna aliyewapigia kelele.

“Kelele zangu zinafika kijiji kimoja, mwanangu,” anamwambia Mkuu. “Juu kule kuna vijiji vingi.”

Mkuu anakaa. Hapa ndipo watu wa ofisi hii wanajua la kusikiliza: akikasirika anasema “wewe”, akipoa anasema “kaka”.

“Kaka,” anasema, “hao uliokosa kuwapata ni wangapi?”

“Mia mbili thelathini na nane.”

“Utaendelea kuwatafuta. Kwa simu ya ofisi. Na kuanzia leo kwenye rejista hunakili kadi, unamuuliza mgonjwa kabla ya kuumwa aliishi wapi. Ukijaza mafaili kumi kwa siku, jaza kumi.”

Anavuta fomu ya safari ya gari. Anakata mstari kwenye “mtaa wa stendi”, anaandika juu yake “wilaya ya juu”, anasaini pembeni. Anamkabidhi, anamwambia apande na yeye, manesi watahitaji mtu wa kuwaandikia, na vijiji kavijua kwenye simu sasa akavijue kwa miguu.

Chapuchapu anaipokea kwa mikono miwili. Anasema asante. Anamgeukia Shangazi, anasema asante tena, na Shangazi anamwambia aache kumshukuru kila saa kama mtu aliyekopeshwa, akawahi gari.

Akiwa anakusanya karatasi zake, anaulizwa anatumaini nini baada ya miezi sita. Anasema anataka idadi ya wilaya ya juu ipande. Watu watashtuka, anajua. Lakini wakipimwa wengi wataonekana wengi, na watakaoonekana mapema watatibiwa warudi mashambani kwao. Anataka mwakani kule juu kuwe kwekundu kabisa, halafu miaka ikienda kufifie kwa haki, si kwa kalamu yake.

“Nikifika,” anasema, “nitaanza na ile ramani ya mlangoni pa zahanati. Naibandua kwa mkono wangu.”

Mkuu ameshainua simu ya mezani. Anabonyeza namba za makao makuu, anasubiri, anajiweka sawa kitini.

“Habari za asubuhi, mheshimiwa,” anasema. “Kuna kosa tumelifanya hapa kwetu, la miaka mingi, na naomba nilieleze mwenyewe.”

Chapuchapu anamwashiria Shangazi, wanatoka. Yeye anatoka wa mwisho, anaushika mlango ili usipige kelele, anaufunga.