Mtu wa Fomu Alipokuja Kuniuliza

Mimi tangu zamani si mtu wa kuamini. Nikiambiwa mvua inanyesha, hutoa mkono dirishani kwanza. Watu wa mtaa wetu wa Mji wa Kale walinicheka kwa tabia hiyo, ingawa wao wenyewe hawakuwa mbali nami. Vita vilikuwa vimekwisha karibuni tu, na wakati wa vita kila mgeni aliyeingia vichochoroni mwetu na karatasi mkononi alikuja kutaka kitu. Mjomba wangu, ndugu wa mama, alipatikana hivyo hivyo. Mtu aliuliza nyumba yake, jirani mwema akainua kidole akaonyesha, na mjomba akapelekwa kazi za jeshi. Alirudi na mguu usiokunjika. Mama hakuilaumu serikali. Alikilaumu kile kidole.

Nilikuwa karani wa stoo katika karakana moja huko Kilindini. Kazi yangu ilikuwa kutoa vipuri na kuandika vimetoka saa ngapi. Nikaanza kuona jambo la kuudhi: winchi inaharibika asubuhi, fundi anakaa bure hadi alasiri akingojea nati iliyomo stoo kwangu, kwa sababu ombi lake lazima lipite meza nne. Nikawa nachora katika daftari safari ya kila ombi, limelala wapi na kwa nini. Siku moja fundi mkuu, Kalasinga mmoja mpole, akaliokota daftari lile. Nikajua kazi imekwisha.

Alilisoma lote, amesimama. Kisha akanambia kwamba mambo niliyoyachora yana elimu yake, ni tawi la uhandisi, na vijana wa Uingereza huyasoma chuo kikuu. Hawafundishwi mashine peke yake, bali namna ya kuzipanga mashine, watu na saa vifanye kazi pamoja. Akasema ofisi ya elimu ilikuwa na nafasi moja mwaka ule ya kumpeleka kijana wa pwani kusoma uhandisi, nami nijiandikishe. Badala ya kumshukuru, nikajiuliza moyoni: huyu anapata nini?

Siku tatu nilimchunguza, nisione anachopata. Siku ya nne nikaenda kuchukua fomu.

Fomu yenyewe ilinitia wasiwasi zaidi kuliko Kalasinga. Iliuliza tarehe ya kuzaliwa kwangu, nayo iliandikwa kwa mkono wa marehemu baba ndani ya jalada la msahafu, kwa mwezi wa Kiislamu, ikabidi nikamwombe mwalimu wangu wa zamani anibadilishie. Iliuliza taifa langu, na swali hilo kwetu halikuwa dogo, kwa maana jibu moja lilikupandisha na jingine likakushusha. Ikataka barua za watu wawili wanaonijua ambao si jamaa zangu. Kwa nini wasiwe jamaa? Nani anijuaye kushinda jamaa? Nilijaza huku nikisaga meno. Nikaambatisha cheti changu cha skuli, barua ya daktari, barua ya mwalimu na barua ya Kalasinga, nikapeleka mwenyewe kwa mkono, maana sikuiamini posta.

Karani wa ofisi ya elimu aliipitia, akagonga mhuri. Akanambia, "Kuna mtu atakuja kwenu kuulizia. Ni desturi. Akiridhika, jina lako litakwenda mbele."

"Lini?"

"Atakapokuja."

Hapo ndipo ningepaswa kwenda moja kwa moja nyumbani nikamwambie mama. Sikumwambia. Kwetu safari haisemwi mpaka mguu uko chomboni. Ukiitangaza, kijicho kitaiona, na kijicho hakikosi. Mama ningemwambia yeye, naye angemwambia dada yake kwa siri, na dada yake angewaambia wote kwa siri hiyo hiyo. Isitoshe nilijipigia hesabu zangu: mtu wa serikali siku za kazi amefungwa ofisini, hawezi kuja ila Jumamosi mchana au Jumapili, nami siku hizo niko nyumbani. Nitamlaki mlangoni mwenyewe, nimpe kahawa, aridhike, aende zake.

Nilikaa Jumamosi tano na Jumapili tano nimevaa kanzu safi. Mama akaniuliza, "Mwanangu, kwani wangoja mtu?" Nikamwambia naona joto.

Hakuja mtu. Majibu hayakuja. Basi nikaanza kuwapitisha watu mmoja mmoja moyoni. Karani alikuwa na mpwawe aliyemaliza skuli mwaka mmoja nami. Bila shaka aliificha fomu yangu. Halafu Kalasinga, labda barua yake ilinisifu juu na kunichimba chini. Halafu mjomba wangu, ambaye alikuwa akitaka nimwoe binti yake na nirithi cherehani yake ya kanzu. Mjomba alikuwa na jamaa kule Kizingo wanaofanya kazi katika nyumba za wakubwa, na huko habari za fomu yangu zingeweza kusikika. Kikulacho ki nguoni mwako. Nikaacha kwenda kwake Ijumaa baada ya sala, naye akatuma mtu kuuliza kama ninaumwa. Nikasema moyoni, kumbe kweli ni yeye, anataka kuhakikisha kwamba nimekwama.

Mwezi wa tatu sikuweza tena. Niliomba ruhusa kazini nikaenda ofisini, nikasimama mbele ya karani na kumwambia wazi kwamba nataka kujua fomu yangu ameitupa wapi. Hakukasirika. Alifungua kabati, akatoa faili lenye jina langu, akaniwekea mezani wazi.

Fomu ilikuwamo. Barua ya Kalasinga ilikuwamo pia, imenisifu tu, juu hadi chini. Nyuma yake palikuwa na karatasi ya yule mtu wa kuulizia. Alikuwa amekuja mtaani kwetu Jumatano, asubuhi, nami niko Kilindini. Aliandika kwamba aliwauliza wanaume watano waliokuwa wameketi barazani, na wote wakasema hawamjui mtu mwenye jina hilo. Alibisha hodi kwenye nyumba iliyotajwa, na mwanamke akamjibu kutoka ndani, bila kufungua, kwamba aliyekuwa akikaa hapo amehamia Pemba miaka mingi. Mwishoni aliandika kwamba mwombaji ametoa maskani ya uongo na hafai kuaminiwa.

Nikamwambia karani ni makosa, nyumba ni yangu, sauti ile ni ya mama yangu. Alinitazama kwa jicho ambalo mimi mwenyewe nimewatazamia watu maisha yangu yote. Akasema nafasi ameshapewa mwengine, na karatasi hiyo itabaki failini hata nikiomba tena. Nilikuwa na hasira iliyokosa pa kwenda. Mficha uchi hazai, nami nilikuwa nimejificha kwa bidii.

Nilirudi kwa miguu. Barazani walikuwepo wale wale watano, watu walionijua tangu ninabebwa, wakaniitikia salamu kwa furaha. Sikuweza kuwatazama. Niliingia ndani nikamkuta mama anachambua mchele, nikamuuliza kama kuna mtu aliyewahi kuja kuniulizia.

Alitua ungo. Akatabasamu namna ya mtu aliyekuwa akingojea aulizwe.

"Ni nani aliyekwambia? Niliwakataza wasikwambie, usije ukaingiwa na hofu." Akanivuta niketi. "Alikuja mtu wa suti na mkoba, ana karatasi ina jina lako. Wale wa barazani, Mungu awaweke, wote walimwambia hatumyui. Akaja hapa. Mimi siku ile miguu yanitetema, mwanangu, lakini sauti haikutetema. Nikamwambia keshahama, yuko Pemba. Akaenda zake."

Mjomba, aliyekuja kumtazama mama, alikuwa ameketi pembeni, mguu wake ameunyoosha juu ya mkeka. Akanambia, "Lau mimi ningepata mtu wa kunisemea hivyo."

Niliyafungua moyoni mwangu mambo yote ya kusema: fomu, chuo kikuu, ile nafasi moja. Nikayafunga. Nilimtazama mjomba, niliyemkwepa Ijumaa zote zile, na nikaona haya mpaka masikio yakawaka.

"Hebu fikiri," mama akasema, mkono wake juu ya kichwa changu, "lau ningefungua mlango, yeo ungekuwa wapi?"

"Mbali, mama," nikamwambia. "Mbali sana."

"Alhamdulillahi," akasema, akaushika tena ungo wake.