Vidole vya Mama

Fundi cherehani alilelewa na mama ambaye vidole vyake vilicheza bila kutumwa, tak-tak juu ya meza, mpaka miguu nayo ikafuata mkumbo. Majirani walisema jini. Daktari alisema ni ugonjwa wa kurithi, unashuka na damu, hata fundi apimwe.

"Sipimwi ng'o!" fundi alifoka. "Mshono wangu umenyooka kama rula."

Miaka ikapita. Jioni moja binti yake, akikunja pindo kwenye meza ya pili, alimwambia, "Mama, hebu acha kugonga meza."

Fundi akautazama mkono wake wa kushoto. Vidole vilikuwa vinacheza vyenyewe. Akaukalia.

Tak-tak ikaendelea.

Ilitoka kwenye meza ya binti, naye wala hana habari.