Santuri ya Kiwanda cha Sabuni

Kailash, mfamasia mstaafu wa Wembley, anakusanya santuri ambazo hazikuuzwa dukani hata siku moja. Zamani makampuni yaliwatungia wafanyakazi wao michezo ya nyimbo, ya kusifu matrekta, bima, hata masinki ya choo, kisha yakatoa santuri chache za kuwagawia mameneja. Wengi walizitupa. Yeye anazo mia mbili na kumi, na kila mgeni lazima azione, atake asitake. Mkewe Seema husema kipenda roho hula nyama mbichi, kisha hufunga mlango wa jikoni.

Anayoienzi kuliko zote ni ya kiwanda kimoja cha sabuni cha kwao Tanga, ya mwaka 1974. Nakala nyingine hajaisikia popote. Sindano hula santuri kila inapopita, kwa hiyo huipiga mara moja tu kwa mwaka, siku ya Diwali, akiwa amevua viatu.

Mwezi Machi nesi mpya akaja kumfunga kidonda cha mguu. Aliitwa Beatha, Mtanzania. Kailash alipomwonyesha jalada la santuri hiyo ya sabuni, lenye picha ya waimbaji, bandeji ilimponyoka.

"Sorry mzee, huyu wa pili kushoto ni mama yangu. Winifrida."

Mama huyo alifariki Beatha akiwa na miaka miwili. Picha zake zipo. Sauti yake hakuna aliyenayo.

"Naomba nimsikie, mzee."

"Utakuja Diwali, binti. Nitakutumia text."

Beatha aliinama akaendelea kufunga kidonda kwa upole uleule, na upole huo ndio uliomchoma Kailash. Mzee mzima, anamwambia yatima asubiri miezi saba! Aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto.

Akanyanyuka, bandeji ikiburuzika, akaiweka santuri. Kwaya ikasifu povu. Kisha kikafika kipande ambacho jalada linasema ni cha Winifrida wa idara ya kufungasha. Sauti nyembamba, yenye kicheko ndani yake, ikaimba kwamba shuka zikifuliwa kwa sabuni hii hata mama mkwe hukosa la kusema.

Beatha alilia huku akicheka.

"Hapo ana miaka kumi na tisa," akasema. "Mdogo kuliko binti yangu."

"Basi mpigie simu binti yako, naye amsikie bibi yake," Kailash akajibu, akairudisha sindano mwanzo.