Wapita Njia wa Krismasi ya Julai

Verna Lachance aliendesha basi la shule hapa Kelso Mills mpaka akastaafu, na watoto aliowabeba sasa ni watu wazima wenye vitambi, lakini wakimwona bado wanakaa sawa. Si kwamba ana hasira. Ila akishika lake, ameshika. Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, wamesema wahenga. Basi wahenga hawakumjua Verna, na wala hawakujua kwamba kwetu sisi Krismasi huja Julai.

Huja na malori. Kila kiangazi watu wa filamu hushuka kutoka Toronto, wakatutandazia theluji ya povu na karatasi barabarani, wakatundika taa kwenye miti yenye majani mabichi, halafu wakatuita wenyeji tuvae makoti ya sufu na kupita nyuma ya waigizaji kama watu wanaonunua zawadi. Jasho linatutoka mpaka kwenye soksi, na bado tunagombea nafasi.

Verna na Isobel Teague hawakukosa hata mwaka mmoja. Wawili hao wameishi nyumba moja na kitanda kimoja miaka thelathini. Mji unajua. Lakini mji humwita Isobel "yule mwenzake Verna", kisha hubadilisha mazungumzo.

Sasa watu wa filamu wana desturi yao: wapita njia hupangwa mume na mke, mume na mke, utadhani wanaingia safina. Kila mwaka Verna alishikishwa mkono wa Gord Pelletier, mwenye duka la misumari na rangi, na Isobel akapewa daktari wa meno. Verna alivumilia, ingawa ilimuuma. Isobel ni mtu wa haya. Hajawahi kukubali kushikwa mkono barabarani, hata siku waliyomzika dada yake. Verna alimwomba mara nyingi, na jibu lilikuwa lile lile: siku moja.

Mwaka huu ikaja habari kwamba filamu ni ya wanawake wawili wanaopendana, wanagombania tanuri ya keki, wanamficha mama wa mmoja wao, na mwishoni wanabusiana kwenye theluji. Verna aliweka kikombe chini.

"Isobel, safari hii tunapita pamoja. Mkono kwa mkono, Mtaa wa Bridge, mchana kweupe."

"Mbele ya watu wote?"

"Si ni filamu tu, bibie. Nani atauliza?"

Isobel alikoroga chai mpaka ikapoa. "Haya," akasema. "Wakitupanga pamoja."

Siku yenyewe ikafika, na Tamsin, binti wa redio ya mkononi anayepanga watu, akapita akigusa mabega. Verna na Gord. Isobel na daktari wa meno. Verna akamwona Isobel anapumua kwa nafuu, na nafuu ile ikamchoma kuliko jua. Akijua kwamba leo ikipita, ile "siku moja" haitafika kamwe, alikwenda hadi katikati ya barabara, pale pale waigizaji watakapobusiana, akakaa chini kwenye povu.

"Mama, tafadhali simama," Tamsin akasema.

"Miaka yote nimewaketisha wengine. Leo nimekaa mimi. Nipange na Isobel."

"Mama, wanawake wawili tunao tayari, mbele. Nyuma tunahitaji watu wa kawaida."

Gord akatazama viatu vyake. Hata wanawake wa kwaya anayoimba Isobel, waliosimama nyuma ya kamba kutazama, wakaacha kujipepea.

"Mwanangu," Verna akasema, "mwone yule mwenye kofia ya kijani. Anakoroma. Anaficha chokoleti kwenye droo ya soksi, halafu asubuhi ananipima mimi sukari na kunigombeza. Unamtaka wa kawaida wa namna gani tena?"

"Mpe mke wake, binti," Gord akadakia. "Mimi huyu ananiburura kila mwaka, bega limeniisha."

Mke wake. Neno lile lilisemwa barabarani, kwa sauti, na hakuna aliyekufa. Tamsin alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Akanong'ona na redio, akasikiliza.

"Sawa. Nyinyi wawili, pamoja."

Kisingizio kikawa kimekwisha. Verna alisimama, povu limemganda makalioni, akanyoosha mkono, na ghafla akaogopa, yeye aliyeteremsha basi lililojaa watoto mlimani kwenye barafu. Isobel aliitazama kamba, akawatazama wenzake wa kwaya mmoja mmoja. Kisha akavua glavu.

"Ni majira ya baridi, Isobel," Verna akamnong'oneza. "Watakugombeza."

"Glavu inateleza," Isobel akasema, akamshika.

Mkono wake ulikuwa mdogo, umelowa jasho. Wakapita mbele ya posta, mbele ya benki, mbele ya duka la Gord, karatasi nyeupe zikiwaangukia mabegani. Verna alikuwa analia na hakujifuta, kwa sababu mkono wa kujifutia ulikuwa na kazi.

"Kata!" mwongozaji akapaza sauti. Watu wakaachiana, wakakimbilia kivulini na maji baridi. Wawili wale waliendelea kutembea, wakaivuka kamba, wakawapita wanakwaya, mpaka binti wa mavazi akawafikia akihema.

"Mama zangu, naomba makoti. Tumemaliza, mnaweza kuachiana."

Verna alilegeza vidole. Isobel akavikaza.

"Subiri kidogo, mwanangu," akasema, na kwaya nzima ikamsikia. "Sisi ndiyo kwanza tumeanza."