Mpira Uliomfikisha Nkatha Runyenjes

Kabla hatujaiona pikapu ya baba, tulikuwa tunaisikia. Ikiwa bado inapanda kona za chini ya kijiji chetu cha Githongo, bodi yake ya nyuma, bati tupu lisilotandikwa kitu, ilinguruma kwa kila jiwe la barabara, na mimi, Gatwiri, na dada yangu Makena tukaacha kuchuma kahawa tukakimbilia langoni. Baba aliinunua ikiwa imeshatumika, lakini kwetu ilikuwa mpya kama mtoto aliyezaliwa jana. Ilibeba kahawa hadi kiwandani, kabichi za mama hadi sokoni Meru, na Jumapili ilibeba nusu ya kwaya. Kasoro yake ilikuwa lile bati. Lilikuwa limeanza kushika kutu pembeni, na katikati lilikuwa laini kama sahani. Siku moja kondoo dume wa jirani, aliyekuwa akipelekwa kuuzwa Ruiri, aliteleza humo akavunjika mguu, ikabidi achinjwe kando ya barabara. Wahenga walisema kuteleza si kuanguka, lakini nadhani hawakuwahi kusimama juu ya bati lililolowa.

Msimu ule baba mdogo Murithi, anayemfuata baba kwa kuzaliwa, alikuwa amepata mchumba, Igoki, mwalimu kutoka Runyenjes. Wazee wa pande zote mbili walishakubaliana mahari, na ndani yake kulikuwa na mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa. Mtamba huyo alikuwa Nkatha wetu. Mimi na Makena tulikuwa tumemlea kwa chupa baada ya mama yake kufa, na alikuwa na mazoea ya kutulamba shingo kila tulipomletea nyasi. Nilipoambiwa kuwa anakwenda ukweni nililia hadi macho yakavimba, kisha nikamwuliza mama atasafiri na nini. Mama aliweka chini kisu cha kukatia sukuma wiki, akatoka nje, akaitazama ile bodi kwa muda mrefu. Jioni, tukila githeri, alimwambia baba kwamba ng'ombe wa mahari akifika anachechemea, wakwe watasema tumewapelekea mgonjwa, na Murithi ataanza ndoa yake kwa kuomba msamaha. "Nkatha atashuka kwa miguu yake minne," alisema, "ama asipande kabisa."

Ndivyo tulivyojikuta Meru mjini Jumamosi iliyofuata, familia nzima, katika duka la vifaa vya magari la Abdalla, mfanyabiashara mtaratibu aliyevaa kofia nyeupe na kuwaita wateja wake wote jamaa zangu. Duka lilinuka mpira mpya na grisi. Abdalla alituonyesha vitandiko vya aina mbili. Cha kwanza kilikuwa cha plastiki ngumu nyeusi, kimefinyangwa kama beseni kubwa, kinafunika sakafu ya bodi na kuta zake. Kiling'aa hata nikaona uso wangu. Cha pili kilikuwa mkeka wa mpira mzito, wenye mifereji na vinundu, usio na sura yoyote ya kupendeza. Baba alishapenda ile plastiki kabla hajavuka kizingiti. Alizunguka akiigonga kwa kidole, na nikajua kuwa kichwani mwake alikuwa tayari anapita nayo mbele ya kanisa.

"Hii itazuia kutu kila upande," alisema. "Mchagua jembe si mkulima, Mama Gatwiri. Tuichukue twende."

"Jembe halibebi ng'ombe wa mahari," mama akajibu. Akamgeukia Abdalla. "Naomba maji kwa ndoo. Na sabuni kidogo."

Abdalla alishangaa. "Sabuni ya nini, mama?"

"Ng'ombe akiogopa hujisaidia alipo. Nataka kuona mambo yatakavyokuwa."

Abdalla aliangua kicheko, akaagiza ndoo mwenyewe. Vitandiko vyote viwili vikatandikwa kwenye mteremko wa saruji mbele ya duka, vikamwagiwa maji ya sabuni. Mama akatuamuru tuvue viatu. Mimi nilipanda kwenye mpira, na nyayo zangu zikashika vile vinundu kama zimegandishwa. Makena alipanda kwenye plastiki. Hakupiga hata hatua moja. Alikwenda moja kwa moja hadi chini, mikono juu, gauni limelowa chapachapa, akainuka akiomba arudie. Alirudia. Watu wa maduka ya jirani wakatoka kutazama. Mwanamke mmoja mwenye kikapu cha ndizi alimwambia baba kwamba mtoto hana uzito wa ng'ombe, ajaribu mwenyewe. Baba, ambaye hakupenda mzaha mbele ya watu, alimtazama, akamtazama mama, akainama akafungua kamba za viatu. Nilimwona akiweka mguu mmoja, kisha wa pili, kisha nikamwona amekaa chini ya mteremko katika suruali yake ya kanisani. Halafu akaanza kucheka, kicheko ambacho sikuwa nimewahi kukisikia nyumbani, hadi machozi yakamtoka na mama akalazimika kumshika mkono ainuke. "Pima ule mpira," alimwambia Abdalla.

Suala la kutu halikusahaulika. Abdalla alituonya kwamba maji hujificha chini ya mpira, kwa hiyo bodi ipakwe kwanza rangi ya kuzuia kutu, na mkeka uinuliwe mara kwa mara ukaushwe. Jioni ile baba alipiga bati msasa, sisi tukapaka rangi, na hata nyusi zetu zikawa za kijivu.

Siku ya safari nilikaa mbele katikati ya wazazi, Makena mapajani mwa mama, shingo zetu zimegeukia dirisha la nyuma. Baba mdogo alisimama nyuma pamoja na Nkatha, ameshika kamba. Barabara ya kwenda Embu ni mabonde matupu. Unashuka hadi daraja, unapanda, unashuka tena. Kwenye mteremko mmoja lori lilisimama ghafla mbele yetu. Baba alikanyaga breki. Nilimwona Nkatha akitanua miguu, kwato zikikwaruza vinundu, mwili mzima ukiyumba mbele na kurudi.

"Amesimama," nikasema.

Baba alivuta pumzi. Mama alisema tu, "Twende polepole."

Runyenjes tulirudisha gari nyuma hadi kwenye ukingo wa udongo uliolingana na bodi, na Nkatha akashuka mwenyewe huku vigelegele vikipaa juu ya migomba. Nyanya yake Igoki alimpapasa Nkatha miguu, mmoja baada ya mwingine, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaniita, akaiweka kamba mkononi mwangu ili nimpeleke zizini mimi. Nililia tena, lakini kilio hicho kilikuwa na fahari ndani yake.

Sasa ninaishi Embu mjini, na mwaka jana mimi na mume wangu tulinunua pikapu. Bodi yake imepulizwa utando mweusi wa kisasa, haushiki kutu wala hautelezi. Niliuagiza kwa simu nikisubiri chai ichemke. Baba alipotutembelea aliukagua kwa kiganja, akausifu, kisha akaniuliza tuliuchaguaje. Alikaa vizuri kitini, kama mtu anayesubiri kisa kirefu. Nikamwongezea chai. Nikamwambia niliuagiza kwa simu, na kisa kikaishia hapo.