Bunduki ya Papa Asukulu na Titi la Kuazima

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ateliye, yaani karakana, ya silaha ya Fizi-Centre, Shefu wa ateliye aliweka mezani bunduki mbili za fataki, zile za wawindaji zinazoshindiliwa baruti kupitia mdomo wa mtutu. Zote ziliigiza bunduki moja ya zamani. Moja ilitengenezwa na fundi wa milimani, nyingine na fundi wa huku ziwani. Akaniambia nihamishe vipande vya moja kwenda kwa nyingine. Kilichokubali kuhama kilikuwa kijiti cha kushindilia tu. Nyundo ilipiga pembeni, springi haikufika kwenye ndoano. Shefu akacheka.

"Hizi bunduki ni bandugu, mutoto wangu, lakini haziazimane viatu."

Kila fundi alikata mitaro ya skrubu kwa chombo chake mwenyewe. Kwa hiyo kipande cha hatari kuliko vyote kilikuwa titi, kile kichuma chenye tundu kinachobeba fataki, kikofia kidogo kinachowasha baruti. Hufungwa nyuma ya mtutu, karibu kabisa na jicho la mpigaji.

Nilipohamishiwa Baraka, nilimkuta Shefu wa posti, mkuu wa kituo chetu cha silaha, askari wa zamani asiyependa maneno mengi. Kwake, bunduki iliyorekebishwa ilifungwa kwanza kwenye kisiki, na mwenye bunduki akaifyatua kwa kamba akiwa nyuma ya ukuta.

Asubuhi moja akaja Papa Asukulu, mwindaji wa Lweba mwenye kibali. Fataki zilitolewa kwetu tu, kwa bunduki iliyopita jaribio. Kiboko mkali alikuwa amekalia mahali pao pa kuteka maji. Titi la bunduki yake lilikuwa limepasuka, akaazima la jirani. Lilipolegea, akalizungushia bati la kopo la nyanya hadi likakaza.

Tukaifunga kwenye kisiki, naye akavuta kamba. Mshindo, moshi, na titi mahali pake. Nikaomba nilifungue. Bati lilikuwa limesagika upande mmoja. Nikalifumbata titi mkononi, sikulirudisha.

"Imeshika, umeona na macho yako," Asukulu akasema. "Bamama banangoja maji. Kiboko akiua muntu leo, ni we umemuua."

Nilimtazama Shefu. Akanyoosha kidole kwenye kisiki.

"Funga tena."

Mara ya pili titi liliruka likatoboa bati la paa. Asukulu akapapasa nyusi zake. Nikaanza kuchonga jingine kwa kipimo cha bunduki yake, kazi isiyokubali haraka. Jioni ilinikuta sijamaliza, naye akarudi Lweba mikono mitupu.

Kesho yake alikuja tena. Kiboko alikuwa amepindua mtumbwi na kumuua shemeji yake. Aliketi mbele ya meza yangu, sauti yake imetulia kuliko jana.

"Ungenipatia ile ya jana, ningekufa mi. Umenikatalia, amekufa shemeji. Maliza, nangoja."

Nikamaliza. Tukaifunga kwenye kisiki, ikapigwa mara mbili, titi likashika.

Sasa nimestaafu. Vijana wanaotengeneza pikipiki hapa Baraka huniletea vipande vya viwanda mbalimbali, wakiuliza kama vitafaa. Nawaambia kuingia si kukaa. Wengine huuliza kama siku ile nilifanya vizuri, nami huwajibu kwamba Asukulu bado anaona kwa macho yote mawili.

Nikipita Lweba, yeye hunikaribisha. Dada yake, mjane wa yule shemeji, hajibu salamu yangu. Mimi humsalimia hivyo hivyo, nikasimama kidogo, kisha nikaendelea na njia.