Shangazi Zangu Wamtunza Marehemu

Nyimbo zilikuwa tano, zote za Kijerumani, zote za msichana mmoja wa riwaya ya kale. Katika wimbo wa kwanza anapenda, katika wa pili anaachwa, katika wa tatu akili zinamruka, katika wa nne anaingia mtoni, na katika wa tano anaaga dunia kwa maneno mengi kuliko aliyowahi kusema akiwa mzima. Nilipomsimulia mama kwa simu, aliuliza swali moja tu.

"Na mamaake yuko wapi?"

"Hatajwi, mama."

"Basi ndo mana."

Riyadh niliziimba mbele ya watu waliovaa vizuri, wakakaa kimya kama wanaongoja ikama ya sala. Mwalimu wangu, mama wa Kizungu aliyenipigia piano, alisema huo ndio ukimya wa heshima. Mimi nilirudi nyumbani nimenuna. Nimezaliwa Jeddah, kwa watu wa Unguja waliohamia baada ya mapinduzi, na kwetu wimbo ukimchoma mtu huinuka, akaenda mbele kwa madaha kumtunza mwimbaji kwa noti. Asiyeinuka hakuguswa. Mama hajawahi kuinuka kwa ajili yangu, maana hajawahi kuja kunisikiliza. Kuimba kwa lugha ya watu, alisema, ni kumpikia jirani na wako nyumbani wana njaa.

Safari hii, kwa kuwa onyesho lilikuwa Jeddah, alikubali kuja. Nilitaka ainuke. Sikutaka kingine.

Tuliimbia Balad, mji mkongwe wa Jeddah, katika nyumba ya zamani ya mawe, baada ya alasiri. Kwenye karatasi za wageni mwalimu aliandika kuwa ni marufuku kupiga makofi mpaka nyimbo zote ziishe. Kuhusu kutunza hakuandika kitu, hakujua kama kuna haja. Mimi nilijua, nikanyamaza.

Mama alikaa safu ya pili na shangazi zangu wawili, wamejifukiza udi mpaka mwalimu akapiga chafya. Nyimbo tatu walitulia. Katika wa nne, msichana maji yamemfika shingoni, shangazi mkubwa akainuka. Alikuja polepole, bega hili, bega lile, noti kaiinua juu, akaizunguka piano yote ndipo akanitia noti mkononi. Mdogo wake akafuata. Bwana mmoja wa safu ya mbele, aliyefumba macho ili aonekane anaelewa, aliyafumbua. Mwalimu aliendelea kupiga huku amenikodolea macho. Nikazama na noti zangu mbili.

Mama hakuinuka. Nilimkasirikia, kisha nikahuzunika, na ile huzuni ambayo mwalimu aliidai mwaka mzima ikaja yenyewe katika wimbo wa tano.

Wimbo ulipokwisha, ukumbi ulinyamaza kwa heshima. Hapo ndipo mama alipoinuka. Hakushika noti. Alivua mtandio wake wa mabegani, akanifunika, akanifuta uso kwa ncha yake, kisha akamtazama mwalimu.

"Mwambie huyu," aliniagiza, "mamaake yupo."

Nilifungua mdomo nitafsiri.